Uwiano wa Dhahabu: Somo Nililolifundisha Vibaya Bunda



Mwaka jana nilifundisha somo moja kwenye semina ya TYCS huko Bunda, jimbo jirani na letu la Musoma. Nilipigiwa makofi. Baadaye nikagundua kwamba karibu nusu ya niliyoyasema hayakuwa kweli. Leo nalirudia somo lilelile, kwa sababu lina utamu wake halisi, na pia kwa sababu kuna kijana mmoja niliyebaki na deni lake.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya falsafa, niko kwenye mwaka wa kichungaji. Mtu aliyetoka kumaliza falsafa juzi huwa na kiherehere fulani, anataka kila mtu ajue kwamba amesoma. Basi nikasimama mbele ya wanafunzi wapatao arobaini nikawaambia kwamba Mungu ameacha sahihi yake kwenye vitu vyote, na sahihi hiyo ni namba 1.618. Nikataja piramidi za Misri, hekalu la Parthenon kule Ugiriki, Sanduku la Agano, gamba la konokono. Kisha nikafika kwenye mwili wa binadamu. Nikasema: pima urefu wako wote, gawanya kwa urefu wa kutoka kitovuni hadi chini, utapata 1.618, maana umeumbwa kwa uwiano wa kimungu.

Futi ya fundi cherehani ikaanza kuzunguka. Wa kwanza akapata 1.64, wa pili 1.59, wa tatu kitu kingine. Mimi nikawa nasema "karibu, karibu sana, endeleeni." Vicheko vingi. Ikafika zamu ya kijana mmoja wa Form Three ambaye mguu wake mmoja ni mfupi tangu utotoni, anatembelea gongo. Akasimama, akaniangalia, akauliza:

"Frateri, mimi wanipime kwa mguu upi?"

Wenzake walicheka, halafu wakanyamaza wote kwa mpigo. Nikamwambia Mungu anampenda jinsi alivyo, nikaenda kwenye pointi inayofuata. Hilo lilikuwa jibu la kweli, ila halikuwa jibu la swali lake. Yeye aliuliza juu ya kipimo. Kama 1.618 ndiyo sahihi ya Mungu kwenye mwili, na mwili wake hauifikii, basi mwili wake umesainiwa na nani?

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikaanza kusoma upya, safari hii polepole.

Tuanze na kitu chenyewe, maana hakina ugumu. Chukua kamba ya mita moja, yaani sentimita 100. Unataka kuikata mara moja tu, upate kipande kirefu na kipande kifupi. Sharti ni hili: kamba nzima ikilinganishwa na kipande kirefu iwe sawasawa na kipande kirefu kikilinganishwa na kifupi.

Jaribu kukata katikati. Kamba nzima kwa kipande kimoja ni 100 kwa 50, jibu 2. Kipande kwa kipande ni 50 kwa 50, jibu 1. Hazilingani. Jaribu 60 na 40: 100 kugawanya kwa 60 ni 1.667, na 60 kugawanya kwa 40 ni 1.5. Zimekaribiana, bado. Jaribu 62 na 38: ya kwanza 1.613, ya pili 1.632. Umepita kidogo, rudi nyuma. Kwenye 61.8 na 38.2 zote mbili zinatoa 1.618. Hapo umefika. Hiyo ndiyo sehemu inayoitwa uwiano wa dhahabu, na Euklide aliieleza kwenye kitabu chake cha jiometria takribani mwaka 300 kabla ya Kristo. Yeye hakuita dhahabu wala nini. Jina la dhahabu limekuja kuzoeleka karne ya 19 huko Ujerumani.

Kwa wale wanaopenda hesabu (wengine rukeni aya hii, hakuna dhambi): kipande kifupi kiwe 1, kirefu kiwe x. Kamba nzima ni x + 1. Sharti letu linasema (x + 1) kugawanya kwa x ni sawa na x. Zidisha pande zote kwa x, unapata x² = x + 1. Hii ni ile kwadratiki ya Form Two mliyoilalamikia kwamba haina kazi maishani. Jibu lake ni 1 kujumlisha kipeuo cha pili cha 5, yote kugawanya kwa 2. Kipeuo cha pili cha 5 ni 2.236 na kuendelea, kwa hiyo unapata 1.618 na kuendelea. Inaendelea bila kuisha na bila kujirudia. Huwezi kuiandika kamili kama sehemu, namba nzima juu ya namba nzima, hata ukikaa mpaka Pasaka.

Fungua kikokotoo kwenye simu. Gawanya 1 kwa 1.618034, unapata 0.618034. Zidisha 1.618034 kwa yenyewe, unapata 2.618034. Mkia uleule. Mimi hilo bado linanifurahisha, na halihitaji piramidi yoyote kulisaidia.

Sasa kuna njia nyingine ya kuifikia namba hii. Fikiria mpiga ngoma wa kwaya mwenye mapigo ya aina mbili tu: fupi la kipimo 1, na refu la kipimo 2. Ana nafasi ya vipimo 3. Anaweza kuijaza kwa njia ngapi? Fupi-fupi-fupi, fupi-refu, refu-fupi. Tatu. Nafasi ya vipimo 4? Ukihesabu utapata tano. Vipimo 5, njia nane. Vipimo 6, kumi na tatu. Kila jibu ni jumla ya majibu mawili yaliyotangulia, kwa sababu pigo la mwisho ni ama fupi ama refu, na kilichobaki nyuma yake umeshakihesabu. Wataalamu wa mashairi wa India walilijua hili kwa kuhesabu silabi fupi na ndefu, kabla Ulaya haijasikia habari zake. Mwaka 1202 Leonardo wa Pisa, anayejulikana kama Fibonacci, akaziweka namba hizo kwenye kitabu chake kwa mfano wa sungura wanaozaliana. Huyu Leonardo alijifunza tarakimu tunazotumia leo akiwa kijana kwenye bandari ya Bugia, Algeria, ambako baba yake alikuwa na kazi ya mambo ya wafanyabiashara. Yaani hesabu hiyo ilifika Ulaya ikipitia Afrika. Hilo nalo niliwahi kufundishwa nusunusu.

Namba ndizo hizi: 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, 55, 89. Gawanya kila moja kwa ile iliyotangulia: 3 kwa 2 ni 1.5, 5 kwa 3 ni 1.667, 8 kwa 5 ni 1.6, 13 kwa 8 ni 1.625, 21 kwa 13 ni 1.615, 34 kwa 21 ni 1.619. Inayumba juu na chini kama mtumbwi unaotia nanga, kila mara ikiyumba kidogo zaidi, na inapotulia ni 1.618. Wala si lazima uanze na 1 na 1. Anza na umri wako na wa mdogo wako, uwe unajumlisha mbili za mwisho. Baada ya hatua chache utafika palepale.

Haya, na viumbe je? Hapa ndipo nilipochanganya mchele na chuya.

Chukua nanasi. Sokoni kwetu mengi yanatoka upande wa Geita. Tazama macho yake: yamejipanga kwenye mistari inayozunguka ikipanda, mingine kuelekea kulia na mingine kushoto. Weka alama kwa kalamu ya wino mzito, hesabu mistari ya upande mmoja halafu ya upande mwingine. Mara nyingi utapata 8 na 13. Kwenye alizeti iliyokomaa utapata mara nyingi 34 na 55, au 55 na 89 kwa kubwa zaidi. Hii ni kweli, imehesabiwa na watu wengi, na nimeihesabu mwenyewe.

Kwa nini iwe hivyo? Fikiria kichwa cha alizeti kikiwa bado kichanga. Mbegu mpya zinachipuka karibu na kitovu cha ua, za zamani zinasukumwa nje. Kabla ya kila mbegu mpya, mmea kama vile unageuka kidogo. Ukigeuka nusu mzunguko kila mara, mbegu zote zitajipanga kwenye mistari miwili tu, na kwingine kote pabaki patupu. Ukigeuka theluthi, mistari mitatu. Ukigeuka sehemu mbili za tano, mistari mitano. Sehemu yoyote ile ukiitumia, utapata mistari kama namba ya chini ya hiyo sehemu, na nafasi tupu katikati. Ili mbegu zijae bila kupoteza nafasi, mmea unahitaji mgeuko usiokuwa sehemu, wala usiokaa karibu na sehemu nyepesi. Na namba inayokimbia sehemu kuliko zote ni hii yetu. Mgeuko wa 0.618 ya mzunguko, au ukipimia upande wa pili, nyuzi 137.5. Sehemu zinazojitahidi kuikaribia ni 5 kwa 8, 8 kwa 13, 13 kwa 21. Ndiyo maana ukihesabu mistari unakutana na 8, 13, 21.

Hata hivyo mmea haujui kwadratiki. Mwaka 1992 wanafizikia wawili wa Ufaransa, Stéphane Douady na Yves Couder, walidondosha matone ya kimiminika chenye sumaku katikati ya sahani. Kila tone lilisukumwa na yaliyotangulia, likaenda palipo na nafasi. Matone yale yakajipanga yenyewe kwa nyuzi karibu na 137.5. Kila kichanga kikikaa palipo wazi zaidi, hesabu inajitokeza.

Na si kila mmea unafuata hivyo. Mahindi na mtama vinatoa jani kulia, jani kushoto, basi. Kahawa ya Tarime inatoa majani mawili mawili yanayotazamana. Hata alizeti zenyewe zina ubishi: utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2016 ulikusanya alizeti 657 zilizopandwa na watu wa kawaida. Katika hesabu za mistari 768 walizoziamini zaidi, 565 zilikuwa namba za Fibonacci. Nyingi, ndiyo. Si zote. Alizeti isiyofuata inatoa mafuta kama kawaida.

Sasa yale mengine niliyoyataja Bunda. Parthenon na piramidi nitayapita haraka: jengo lina vipimo vingi mno, ukichagua pa kuanzia na pa kuishia hutakosa jozi inayotoa kitu cha karibu na 1.6. Gamba la konokono linajizungusha kwa uzuri wake, lakini makonokono mengi hayajizungushi kwa kipimo hiki. Kitambulisho chako cha NIDA, milimita 85.6 kwa 54 hivi, ni 1.585. Karatasi ya A4 ni 1.414, kwa sababu nyingine kabisa. Bendera yetu ni 3 kwa 2. Bendera ya Togo ndiyo iliyochorwa kwa 1.618 makusudi.

Sanduku la Agano lilinipa aibu ya pili. Kutoka 25:10 inataja dhiraa mbili na nusu kwa moja na nusu. Baada ya semina binti mmoja alinifuata na daftari: "Frateri, 2.5 kugawanya kwa 1.5 ni 1.667. Kama Mungu alitaka 1.618, si angesema?" Nikamwambia ni karibu. Akasema karibu ni namba gani. Sikuwa na la kumjibu, na sina mpaka leo. Ni 5 kwa 3. Kipimo kizuri, rahisi kwa fundi mwenye dhiraa mkononi. Maandiko yalimpa fundi kipimo anachoweza kukikata.

Na mwili? Lile jambo la kitovu lilienezwa na Mjerumani mmoja, Adolf Zeising, katika kitabu cha mwaka 1854. Alikuwa ameshaamua kwamba namba hii inatawala kila kitu, akaenda kuitafuta. Ule mchoro maarufu wa Leonardo da Vinci, mtu ndani ya duara na mraba, unafuata maelezo ya Mroma Vitruvius, na Vitruvius alitumia sehemu nyepesi: uso sehemu ya kumi ya urefu, wayo sehemu ya sita. Hakuna 1.618 humo. Leo kuna programu za simu zinazopima uso wa msichana na kumpa alama za uzuri kwa "uwiano wa dhahabu". Ni mtoto wa Zeising huyo. Mdogo wangu, ukiiona, ifute.

Mtaniuliza: mbona kuna mtawa aliyeiita namba hii ya kimungu? Ni kweli. Luca Pacioli, Mfransisko, alichapisha Venice mwaka 1509 kitabu juu ya "uwiano wa kimungu", na michoro yake ilifanywa na Leonardo mwenyewe. Pacioli alisema uwiano huu ni mmoja tu kama Mungu alivyo mmoja, unahusisha pande tatu, kamba nzima, kipande kirefu na kifupi, kama Utatu, hauandikiki kwa namba kamili kama Mungu asivyotosha kwenye maneno yetu, haubadiliki. Nayapenda maneno hayo. Mtu anayesali huku akipiga hesabu ataona mfano kila mahali, na mfano ni halali. Kosa langu lilikuwa kuuchukua mfano nikaufanya ushahidi. Nilisema "hii inathibitisha Utatu."

Mtakatifu Toma wa Akwino ananisuta hapo, na nilikuwa nimemsoma darasani! Katika Summa, sehemu ya kwanza, swali la 32, anasema anayejaribu kuthibitisha Utatu kwa hoja za akili peke yake anaidhuru imani, maana wasioamini watadhani tunaamini kwa sababu ya hoja dhaifu kama hizo, na watacheka. Agustino kabla yake, akifafanua kitabu cha Mwanzo, alikerwa na Wakristo wanaosema upuuzi juu ya nyota na viumbe mbele ya watu wanaovijua: ukikosea kwenye jambo analolijua vizuri, atakuaminije ukimwambia habari za ufufuko? Hilo halikuwa la kinadharia kwangu. Mmoja wa wale wa semina alimwambia mwenzake, na nikasikia, "Kama ya Sanduku ni uongo, na yale mengine je?"

Tena ni rahisi kunaswa. Miezi michache baadaye tulikwenda Butiama na vijana wa parokia kuzuru kaburi la Mtumishi wa Mungu Mwalimu Nyerere pale Mwitongo. Mwalimu alikuwa mpenzi wa bao. Bao la kete lina mashimo nane kila mstari. Pia alizigeuza Injili zote nne kuwa tenzi, na mshororo wa utenzi una mizani nane. Nane, nane! Namba ya Fibonacci! Nilishafungua mdomo kuwaambia vijana pale kwenye mawe. Kisha nikakumbuka futi ya fundi cherehani nikaufunga. Mstari wa bao una mashimo nane kwa sababu ndivyo bao lilivyo. Mizani nane inatosha pumzi ya msomaji. Kitabu cha Hekima, sura ya 11, kinasema Mungu amepanga vyote kwa kipimo, hesabu na uzani. Hakisemi amepanga vyote kwa kipimo kimoja. Nilikuwa nimemnyima Mungu vipimo vyake vingine vyote.

Nilirudi Bunda muhula uliofuata, nikaomba nusu saa. Nikaeleza mbele ya kikundi kilekile nilichokosea, jambo baada ya jambo, pamoja na kitovu. Nikamgeukia yule kijana nikamwambia swali lake lilikuwa bora kuliko somo langu, na jibu lake ni kwamba hapakuwa na mguu wa kumpimia kwa sababu kipimo chenyewe hakikuwepo. Akaitika kwa kichwa tu. Sikutegemea zaidi.

Nilikuwa nimebeba mananasi matatu. Tukagawana makundi. Yeye akashika kalamu, akaweka gongo kando, akaanza kuweka alama jicho kwa jicho, taratibu, wenzake wakimsahihisha. Akapata 8 upande mmoja na 13 upande mwingine. Kundi la pili hivyohivyo. La tatu walibishana, wakahesabu mara mbili, wakapata 12, wakataka kuandika 13 kwa kuwa wenzao wamepata 13.

"Andikeni 12," yule kijana akawaambia. "Mmehesabu 12."

Wakaandika 12. Mimi nikaomba nilihesabu na mimi, ila walikuwa wameshaanza kulimenya.